Msibani Tunalala Mkekani, Harusini Twataka Gesti: Tunamdanganya Nani?

Kila sifa njema anastahiki Allah Subhanahu wa Taala. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, baada ya mavuno ya alizeti nilikaa katika kikao cha kamati ya harusi hapa Issuna. Bwana harusi ni kijana niliyemsomesha Juzuu Amma. Mahari yalikwisha kulipwa, walii ameridhia, mashahidi wapo. Hata hivyo ndoa ilisogezwa mbele miezi miwili. Sababu haikuwa mchele wala mbuzi. Ilikuwa ni fungu moja la bajeti lililoandikwa "malazi ya wageni". Wageni wa kutoka Dar es Salaam na Mwanza walipangiwa vyumba vya gesti Singida mjini, takriban kilomita 63 kutoka hapa, pamoja na gari ya kuwaleta asubuhi na kuwarudisha usiku. Fedha hazikutimia, basi halali ikangojeshwa kwa ajili ya kitanda. Nami, mwalimu wao, nilinyamaza. Leo nasema niliyopaswa kuyasema siku ile.

Kwanza tulitazame jambo kwa hesabu. Tuseme wageni ni 40, wawili kila chumba, yaani vyumba 20. Tuseme chumba ni shilingi 25,000 kwa usiku mmoja, na wageni wanalala siku 3. Hiyo ni shilingi 1,500,000 kabla ya kukodi gari na kabla ya kununua hata kilo moja ya mchele. Fedha hizo zatoka wapi? Zatoka kwa mkulima aliyeuza gunia la alizeti akachanga shilingi 5,000 akiamini anasaidia walima. Yeye atalala kwake juu ya ngozi au mkeka, na mchango wake utamlaza kitandani mtu mwenye mshahara aliyekuja kwa nauli yake mwenyewe. Je, huyu mchangaji aliulizwa? Mchango ni amana, na amana huenda pale mwenyewe alipoikusudia.

Watetezi wa gesti wana hoja, na insafu yatutaka tuzisikilize. Wanasema nyumba zetu ni ndogo, vyoo ni vya shimo, maji ni ya kuchota, na mgeni wa mjini ataona taabu. Hoja hii ingekuwa na uzito lau isingevunjwa na jambo moja ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia. Akifariki mzee hapa kijijini, wageni wale wale wa Dar es Salaam na Mwanza hushuka kwenye basi barabarani, wakaja kwa miguu hadi msibani. Hulala mkekani, kumi katika chumba kimoja, siku tatu. Huoga kwa ndoo, hutumia choo kile kile, wala hakuna anayeuliza gesti iko wapi. Je, choo hupanuka siku ya msiba na kufinyika siku ya harusi?

Basi tatizo si nafasi. Tatizo ni fakhari. Msibani tunakumbuka kuwa sisi ni waja. Harusini tunataka tuonekane kuwa ni mabwana. Tunaogopa mgeni asirudi mjini akasimulia kuwa kwa akina fulani tulilala chini. Na anayetumia mali ili asemwe, hajui kwamba malipo yake ni kule kusemwa tu?

Tuirejee dini yetu. Katika Sura Adh-Dhaariyaat, Allah (SW) anatueleza habari za wageni wa Nabii Ibrahim (AS). Aliingia kwa ahli yake kimya kimya, akaleta ndama aliyenona, akamsogeza karibu yao. Aliwahudumia kwa mkono wake, ndani ya nyumba yake. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Answari aliyemchukua mgeni wa Mtume (SAW) nyumbani kwake, ilhali hapakuwa na chakula ila cha watoto. Watoto wakalazwa, taa ikazimwa ili mgeni ale asijue kuwa wenyeji hawali. Wanazuoni wamelinasibisha tukio hilo na aya ya 9 ya Sura Al-Hashri. Nyumba ile haikuwa na chakula cha ziada, na sifa yake imesomwa mbinguni.

Mgeni naye ana wajibu. Mtume (SAW) ameweka ukarimu kuwa ni siku tatu, na akamkataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ikiwa kukaa kupita kiasi kunakatazwa kwa sababu ya kumdhiki mwenyeji, itakuwaje kwa mgeni anayemdhiki mwenyeji kabla hajapanda basi, kwa kutuma ujumbe kwamba hawezi kulala ila penye feni na bafu la ndani? Huyo ajilipie mwenyewe, wala asiwe deni la yatima na mjane waliochangishwa.

Sisemi kwamba gesti ni haramu. Mzee mgonjwa, mama mwenye kichanga, au mwenye uwezo anayelipa kwa mali yake, hao hawana lawama, maadamu nyumba ni ya heshima wala si baa yenye vitanda. Wala sikatai michango. Katika walima wa Bibi Swafiya (RA), Masahaba walileta kila mtu alichonacho, tende na samli, vikachanganywa juu ya busati la ngozi, na huo ndio ukawa walima wa Mtume wa Allah. Ninachokataa ni kuifanya starehe ya mgeni kuwa sharti la ndoa.

Njia ipo. Wiki mbili kabla ya harusi, kamati ya msikiti iandike orodha ya nyumba zenye nafasi, kila jirani achukue wageni wawili au watatu. Wanawake wapewe nyumba zao peke yao. Vijana wanaume walale darasani madrasa, au hata msikitini kwa adabu zake, kwani Ibn Umar (RA) alilala msikitini akiwa kijana asiye na mke. Na zile 1,500,000 za usiku tatu zingetununulia magodoro na vyandarua vikawa wakfu wa msikiti, kwa harusi na misiba, mwaka baada ya mwaka.

Yule kijana wangu ameshaoa, alhamdulillah. Lakini miezi miwili ile aliishi katika mtihani ambao sisi tulimtungia. Tutakapoulizwa kuhusu vijana tuliowachelewesha na halali, tutajibu kuwa vyumba vilikuwa bado havijalipiwa?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tusiifanye harusi kuwa mahali ambapo mgeni anakuja na mwenyeji anaumia.

Wabillahi tawfiiq.