"Hamsini tu kwa siku" si bei

Wasee, hebu tupige hii hesabu ya lipa polepole. Simu ni 12,000 keshi. Hamsini kwa siku ni 1,500 kwa mwezi. Miezi 12 umetoa 18,000. Utasema riba ni asilimia 50. Zii! Deni linapungua kila mwezi, lakini unatozwa kana kwamba bado unadaiwa zote 12,000. Fungua Google Sheets, ni ya bure bana, andika =RATE(12,-1500,12000). Inatoka karibu asilimia 6.9 kwa mwezi, yaani 82 kwa mwaka. Mbona hiyo namba haiko kwenye bango? Na shuleni bado tunakaririshwa majedwali! Kabla usaini, muulize muuzaji riba ya mwezi. Akianza kucheka, toka.