MSITU USIOINGIWA NA WATU HULIWA NA WAKUBWA

Kijana wa Nairobi, ukiulizwa leo Karura ni ya nani, utajibu nini? Wengi watasema ni mahali pa watu wa Muthaiga, Runda na Gigiri kukimbizia mbwa wao asubuhi. Jibu hilo ndilo linalowafurahisha wanyakuzi wa ardhi. Siku mlalahoi atakapoamini kwamba msitu si wake, siku hiyo hiyo kigogo atakuja na ramani mpya na bango la kampuni.

Tusisahau tulikotoka. Msitu wa Karura ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, enzi za mkoloni. Ni zaidi ya hekta 1,000 za miti ndani ya jiji, na una mito, maporomoko ya maji na mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau. Katika miaka ya 1990 mamia ya hekta hizo yaligawiwa makampuni ambayo wenyewe hawakujulikana na mtu. Mwaka 1998 matingatinga yalikuwa ndani, miti chini. Profesa Wangari Maathai akakataa. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda pale na miche yake, pamoja na wabunge wa upinzani, akapigwa na mabaunsa hadi akatoka damu kichwani. Kituoni alitia sahihi taarifa yake kwa damu hiyo hiyo.

Na ni nani waliomiminika barabarani wiki chache baadaye? Vijana! Wanafunzi wa vyuo vikuu walikabili mabomu ya machozi na virungu kwa ajili ya miti ambayo wengi wao hawakuwahi kukaa chini ya kivuli chake. Msitu ule ukanusurika. Mwaka 2004 ripoti ya Tume ya Ndung'u ikaeleza wazi jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwamo, ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Mwaka huo huo Profesa Maathai akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Lakini kunusurika hakutoshi. Kwa miaka kadhaa baada ya vita vile, Karura ilikuwa mahali pa kuogopwa. Watu waliporwa humo na maiti zilitupwa humo. Msitu wa namna hiyo hauna mtetezi. Nani atapiga kelele ukikatwa kipande, ikiwa hakuna anayekanyaga humo?

Kilichoubadilisha si hotuba ya waziri. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kuunda vyama vya misitu vya jamii na kusimamia msitu wa umma bega kwa bega na Serikali. Kikaundwa chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura, kikaingia mkataba na Huduma ya Misitu ya Kenya. Ukawekwa ua wa umeme, wakaajiriwa walinzi, njia za kutembea na za baiskeli zikafunguliwa. Sehemu za mikaratusi zikaanza kurudishiwa miti ya asili. Hata mbega weusi kwa weupe wakaletwa upya. Kwa miaka mingi mwananchi mtu mzima alilipa kama shilingi 100 langoni, na mgeni wa ng'ambo akalipa mara kadhaa ya hizo. Pesa hizo zililipa walinzi, zikatengeneza njia na ua. Leo mama na watoto wake wanatembea pale walipokuwa wakikaa majambazi.

Hapo ndipo macho yalipoanza kutazama langoni. Palipo na pesa, wakubwa hawakawii. Mwezi Agosti 2025 Huduma ya Misitu iliagiza malipo yote ya kiingilio yapitie mfumo wa Serikali wa eCitizen. Marafiki wa Karura wakakimbilia mahakamani. Wengine waliona ni ugomvi wa mabwana wawili. La hasha! Swali lililokuwa mezani linamhusu kila mwananchi: shilingi inayotoka mfukoni mwako langoni, inabaki kulinda msitu, au inasafiri hadi hazina kuu na kupotea kama nyingine nyingi tulizoziona zikisafiri?

Msimamo wetu ni huu. Pesa ya msitu ibaki msituni. Msitu wenye watembeaji wengi una gharama. Udongo ukikanyagwa kila siku hushikamana, maji ya mvua hayapenyi tena, hutiririka juu na kubeba udongo hadi mtoni. Mizizi hubaki uchi, njia hugeuka mitaro, na watu huanza kuchora njia mpya pembeni. Tiba yake ni kazi ya jembe: kuchimba mifereji, kuzipumzisha njia wakati wa masika, kutenganisha baiskeli na watembea kwa miguu, kuhesabu ni watu wangapi sehemu moja inaweza kubeba. Hayo yanahitaji fedha leo, siyo bajeti ya mwakani.

Lakini tusiwe vipofu upande wa pili. Mali bila daftari hupotea bila habari. Awe ni ofisa wa Serikali, awe ni mkazi wa Runda anayependa ndege na vipepeo, yeyote anayeshika pesa ya umma aweke hesabu hadharani. Bango libandikwe kila lango, kila mwezi: zimeingia kiasi gani, zimetumika wapi, nani ameajiriwa kutoka wapi. Je, ni hesabu ngumu hiyo?

Na bei? Kwa mwenye gari, shilingi mia ni chenji ya maegesho. Kwa kijana wa kibarua, kiingilio na nauli ya matatu ya kwenda na kurudi ni chakula cha siku. Kiwekwe kiingilio cha chini siku za kazi, na wanafunzi wa shule za umma waingie bure kwa zamu. Wakazi wa Githogoro na wa kijiji cha Huruma kilicho kando ya msitu (siyo Huruma ya Mathare) wawe wa kwanza katika ajira. Anayeona msitu unamlisha hatauruhusu ukatwe.

Tena wewe kijana, nawe una deni. Uhuru wa kuingia si ruhusa ya kuharibu. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu ya hifadhi. Chupa ya soda unayoitupa kichakani ni ushahidi mikononi mwa yule anayesema makabwela hawastahili msitu. Usimpe.

Usidhani wanyakuzi wamelala. Mwaka 2021 ulipelekwa Bungeni mswada wa kulegeza kizuizi cha kubadili mipaka ya misitu ya umma. Watetezi wa mazingira walipiga kelele. Je, ukija mwingine usiku wa manane, nani atapiga kelele? Ni yule tu anayeujua msitu kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo msingoje kualikwa. Sheria ya mwaka 2016 ya kuhifadhi na kusimamia misitu bado inavitambua vyama vya jamii. Jiungeni. Ingieni kwenye mikutano, ombeni daftari, gombeeni viti vya kamati. Wakiwaambia chama ni cha wenye nyumba kubwa, waulizeni kifungu gani cha sheria kinasema hivyo. Na pale palipo na msitu usio na chama, undeni chenu.

Wanafunzi wa 1999 walilipa kiingilio cha Karura kwa migongo yao. Kizazi cha leo kinaombwa kufika langoni, kuingia, na kudai hesabu. Tukishindwa hata hilo, tusije tukalia siku tutakapokuta lango lina kufuli na bango la nyumba zinazouzwa.