Lodwar Si Nafuu kwa Daktari Mwanagenzi

Tunaambiwa kwamba daktari mwanagenzi aliyepangiwa Lodwar, Turkana, ana nafuu kuliko mwenzake wa Nairobi: mshahara ni ule ule, kodi ya nyumba ni ndogo, basi asilalamike. Hii ni hesabu ya mtu aliyesoma mstari mmoja akafunga daftari.

Kodi ni ndogo, sawa. Na sukuma wiki? Mboga nyingi za Lodwar hutoka Kitale, karibu kilomita 300, na gharama ya lori hulipwa na mlaji. Joto la Turkana halikuachi ulale mchana bila feni baada ya zamu ya usiku, na feni hula tokeni za umeme. Nauli ya mwanagenzi ya kwenda kwao kumzika mjomba haimo kabisa kwenye hesabu ya hao wanaosema ana nafuu.

Tena wanalinganisha mshahara ghafi! Katika Sh206,400 za kila mwezi za mkataba wa madaktari na serikali wa 2017, makato ya bima ya afya (SHIF) ya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 huondoa Sh8,772, mbali na kodi ya mapato (PAYE), Lodwar sawa na Nairobi.

Wala mwanagenzi hakuhamia huko kutafuta nyumba rahisi. Alitumwa na Wizara ya Afya. Mlipeni kwa wakati kwanza, ndipo mje na ulinganisho wenu.