Si Mitego Peke Yake

Mwalimu awafundishaye wanafunzi wa Kisumu kwamba ndege wa porini humalizwa na mitego, ametoa nusu ya habari. Kware, ambaye Wajaluo humwita aluru, amenaswa tangu enzi za mababu kwa sauti ya mwenziwe aliyetiwa tunduni na kutundikwa juu ya mlingoti. Kwa maoni yangu, kilichobadilika zaidi ni konde. Kware hutaga chini, nyasini, na hula mbegu. Mtama, wimbi na mashamba yaliyopumzishwa vilimpa maficho na chakula. Katika nyanda za Kano, kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza miaka ya 1920, na mradi wa mpunga wa Ahero mwaka 1969. Miwa haina punje ya kumlisha, wala shamba lililojaa maji halina pa kutagia.

Ajabu ni kwamba Wakenya walipoupapia ufugaji wa kware, mnamo 2013 na 2014, walitakiwa kupata kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mkulima afyekaye kichaka cha mwisho kijijini hadaiwi kibali hicho. Ningependa wanafunzi wahesabu: kwao nyumbani, ni mashamba mangapi yangali yanapumzishwa?