Nani Atapiga Mashini Maandiko ya Bankambo?

Kuko neno moja linarudia-rudia katika mikutano yetu ya utamaduni: eti Wazungu walibeba maandiko yetu, na sasa wanayatia ndani ya intaneti bila kutuuliza. Msemaji akifika pale, watu wanapiga makofi. Mimi sipigi. Ningetaka kwanza tuulizane ni nani alijaribu kuyatia yeye mwenyewe.

Tuangalie namna kazi ile inatendeka. Mwaka 1971, Mmarekani Michael Hart alianza kuingiza maandiko ya zamani ndani ya ordinatere ya universite ya Illinois, ili kila mtu asome bure. Njo Project Gutenberg hiyo. Leo iko na vitabu zaidi ya 70 000. Mwaka 2000, Charles Franks akaanzisha Distributed Proofreaders ya kuisaidia. Kule buku ya zamani inapigwa foto, mashini inajaribu kusoma zile foto, kisha watu wa kujitolea wanalinganisha: foto huku, maandishi huku, ukurasa kwa ukurasa. Mmoja anasahihisha, mwingine anarudilia, mwingine tena. Mshahara hakuna, perdiemu hakuna. Hata ukurasa mmoja kwa siku ni kazi yenye kuhesabiwa.

Joseph Conrad alikaa katika inchi yetu karibu miezi sita, mwaka 1890. Akaandika Heart of Darkness, akafa 1924. Leo mwanafunzi wa Kisangani mwenye telefone anapata riwaya ile bure, na ndani yake watu wa mto wetu karibu hawasemi neno. Tunakasirika, na tuko na haki ya kukasirika. Lakini Conrad alipata mikono ya kumpigia mashini.

Na Stefano Kaoze je? Mtoto wa Tanganyika, padri tangu 1917. Mwaka 1910 na 1911 alichapisha « La psychologie des Bantu » katika La Revue congolaise: mtu wa hapa anaeleza kwa kinywa chake namna watu wake wanafikiri. Alikufa 1951. Sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mwandishi miaka 50 kisha kifo chake. Ya Ubelgiji, miaka 70. Hesabu mwenyewe: zote mbili zimepita. Haki ya mwandishi haitufungi tena. Ni nini inatufunga?

Proje njo inatufunga! Tunangoja mfadhili, semina, chai na mikate. (Kamati za kuhifadhi maandiko tunajua kuziunda vizuri sana, pamoja na makamu wawili wa rais.)

Tena kazi hii inatuhitaji sisi hasa. Mashini inakosea mara nyingi katika Kiswahili, na zaidi katika Kitabwa. Ikiona « ng' » inaweza kutupa kale ka alama. Mtu wa kujitolea wa Marekani, hata mwenye roho nzuri, akikuta pale wino umefifia jina la ukoo ama la mto, atabahatisha. Mzee wa Moba hatabahatisha. Asome yeye, na mjukuu apige mashini.

Wazee wengine watajibu: mila ni siri, haitupwi barabarani. Baba zangu, siri ya ukoo ibaki katika ukoo, hakuna mtu anaigusa. Lakini kile kilichochapishwa mwaka 1910 kilitoka nyumbani zamani. Kukificha leo ni kukificha kwa watoto wetu tu, juu wageni wenye maktaba wanacho.

Wengine watauliza: na watoto wa mwandishi watakula nini? Swali hilo ni la haki, na kwa sababu yake kuko vitabu ambavyo hatuvitoi bado. Paul Lomami Tshibamba, aliyeandika Ngando mwaka 1948, alikufa 1985. Kwa sheria yetu miaka yake itatimia 2035. Kwa Wabelgiji, 2055. Tutangoja. Lakini mchwa hawangoji, na mvua haingoji. Mwenye kuwa na chapa ya 1948 aiondoe chini ya kitanda, aifunge vizuri, aiweke fasi kavu. Akiweza, aipige foto zote na kuzitunza kwake, ili 2035 tusianze kutafutatafuta kurasa zilizopotea.