“Tumeiwasha, Iko Sawa” Si Jibu, Bana

Kuna sentensi moja naichukia kuliko zote katika dunia ya mafundi: “Tumeiwasha, iko sawa.” Utaisikia ukipeleka simu inayojizima. Utaisikia ukipeleka nduthi inayokata moto kila ukipanda mlima. Hizo tunavumilia. Lakini sentensi hiyohiyo ikiandikwa kwenye kitabu cha hitilafu cha ndege ndogo, wasee, hiyo ni noma.

Najua mtauliza: wewe uliacha chuo mwaka wa pili, mambo ya ndege umeyajulia wapi? Binamu yangu anajifunza ufundi wa ndege pale Wilson, na jioni tukikaa hana stori nyingine. Yeye anaongea, mimi nauliza. Na kitu nimeshika ni hiki: hitilafu inayokuja na kuondoka ni mbaya kuliko ile ya kitu kufa kabisa. Kitu kikifa, kila mtu anakubali kimekufa. Kikisumbua dakika moja angani halafu kitulie ndege ikitua, ghafla ni rubani anaonekana ndiye mwenye shida.

Fikiria geji ya joto la silinda inaruka kutoka nyuzi 180 hadi 300 na kurudi, yote kwa sekunde moja. Silinda ni chuma. Haiwezi kushika moto na kupoa haraka hivyo. Kwa hivyo anayedanganya ni sensa au waya. Sensa hizo hutoa umeme kidogo sana, sehemu za elfu za volti, kwa hivyo kutu kidogo kwenye pini inatosha kuharibu hesabu yote.

Sasa uliza: inaruka geji moja ama zote? Ikiwa ni moja, hamisha sensa yake uiweke kwa silinda ya jirani. Shida ikihama nayo, sensa ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, fuata waya. Zikiruka zote pamoja, usiniambie sensa tano zimekufa siku moja. Tafuta kile zinachotumia pamoja: waya wa athi, umeme unaozilisha, ama plagi inayoingia kwenye kompyuta.

Propela ni vivyo hivyo. Kwenye ndege zenye propela ya kubadilisha pembe, gavana hutumia shinikizo la oili kugeuza mapanga ili mizunguko ibaki pale rubani ameiweka. Geji ya mizunguko ikianza kupanda na kushuka, swali la kwanza halihitaji hata spana: mlio umebadilika? Kama mlio ni uleule, geji ndiyo mwongo. Kama mlio nao unapanda na kushuka, basi ni kweli, nenda kwa oili, gavana na kebo yake. Swali moja la bure, na kuna watu wataliruka wakimbilie kununua gavana mpya.

Na hapo ndipo “iko sawa” inaanguka. Ndani ya hanga injini imepoa na hakuna mtetemo. Waya uliolegea umetulia kama mtoto mbele ya wageni. Kuiwasha dakika tano na kuona kila kitu fiti kunathibitisha tu kwamba chini, ikiwa baridi, iko fiti. Hakuna aliyeuliza hilo.

Mkiona nazidisha, someni kuhusu Speyer, Ujerumani, Machi 2007. Diamond DA42, ndege ya injini mbili, ilikuwa na betri iliyoisha, injini zikawashwa kwa umeme wa nje. Ikaruka. Rubani alipokunja magurudumu, pampu ya umeme ya magurudumu ikavuta nguvu, volti zikashuka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kompyuta za injini zikajizima na kuanza upya. Kwenye ndege hiyo kompyuta ndizo zinaongoza propela pia, kwa hivyo mapanga yakageuka kukaa sambamba na upepo, yakaacha kuvuta. Injini zote mbili, kwa pamoja. Waliokuwemo walinusurika, na baadaye kompyuta hizo zikaongezewa betri za akiba.

Ona vizuri: kompyuta hazikuwa mbovu. Ungezipima kwa meza zingesema ziko sawa. Kilichokatika ni umeme ambao zote zilitegemea. Injini mbili zikinywa kisima kimoja, hiyo ni injini moja.

Wenye ndege watasema ndege ikikaa chini hailipi, na kuna mgonjwa huko Lodwar anaingojea. Ni kweli. Ndiyo maana ripoti ya rubani lazima iwe na nyama. “Geji inacheza” haitoshi. Ilikuwa saa ngapi, urefu gani, injini moto ama baridi, mvua ama jua, ni swichi gani ilikuwa imewashwa tu? Skrini nyingi za kisasa huhifadhi data kwenye kadi. Itoeni kabla ya kugusa kitu. Fundi mwenye hayo anajua pa kuanzia, na ndege inakaa chini muda mfupi.

Hatari yenyewe mimi naiona hapa: geji inayodanganya mara kumi inamfundisha rubani kuipuuza. Mara ya kumi na moja shinikizo la oili linashuka kwa ukweli, naye anasema, “Aah, ni ule waya.” Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta unajengwa juu ya nyumba za watu. Mkikaa South C ama Lang’ata, hizo ndege hupita juu yenu kila siku.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Fundi akisema “sijaipata bado, isiruke,” huyo hajashindwa na kazi. Mlipeni siku hiyo kama siku nyingine. Tukimlipa tu yule anayesema “iko sawa”, tutaambiwa iko sawa kila siku.

Mafundi wa hapa, wa ndege na wa nduthi, mnasemaje?