Msingi Uliobaki Wazi



Wiki hii tunajibu barua ya dada yetu mmoja aishiye Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Ni mzaliwa wa Malindi aliyemfuata mumewe katika biashara ya samaki. Nyumba yao waliijenga juu kwa kuchelea maji ya laga, na sasa upande uelekeao ziwani msingi wa zege umebaki nje kiasi cha futi mbili, kama jino lililokimbiwa na ufizi. Wanakusudia kurejea Pwani, na mnunuzi amekwisha kupatikana. Anatuuliza ni maua gani yatakayoficha zege lile. Katika mstari wa mwisho ameongeza, kwa herufi ndogo, kwamba mumewe anataka yapandwe upesi kabla mnunuzi hajaja kukagua, kwa sababu pana ufa.

Tutaanza na mstari huo wa mwisho, maana ndio barua yenyewe.

Kuficha ubaya wa sura si kosa. Zege tupu halipendezi, na Mwenyezi Mungu amependezwa na uzuri. Lakini kuficha kasoro mbele ya anayenunua ni jambo jingine kabisa. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini ni mbichi ilhali juu ni kavu. Aliyoyasema kuhusu mwenye kughushi kila mtoto wa madrasa anayajua. Wanazuoni wetu wakaeleza kwamba muuzaji analazimika kuitaja aibu ya bidhaa, na aliyeuziwa kwa kufichwa ana khiyari ya kuirudisha. Maua mbele ya ufa ni zile nafaka kavu za juu. Hatusemi kwamba mume wa dada yetu ni mlaghai. Mtu aliyekwisha kufunga mizigo huona kila jambo kwa haraka. Ila mnunuzi naye atalaza watoto wake ndani ya kuta zile.

Basi kwanza ufa wenyewe uchunguzwe. Upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu kutoka kusini-mashariki, ukipita juu ya ziwa, na mchanga usiofunikwa na jani hauna cha kuushika. Paa likiwa halina mifereji, mvua chache zinyeshazo kule huchimba pale pale chini ya ukuta. Chukua kipande cha nondo, ukichomeke chini ya ukingo wa msingi. Kikipita bila kizuizi, udongo umeliwa, na hapo hapana ua litakalosaidia: fundi ajaze mawe na zege kwanza. Kisha, mahali ufa unapokomea, pigeni mstari wa penseli na kuandika tarehe. Ufa mwembamba wa plasta hubaki pale pale. Ukiuvuka mstari, nyumba inasogea.

Tulipopita Kalokol miaka iliyopita tulionyeshwa kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jengo limesimama kubwa, lakini baada ya miaka michache maji ya Ghuba ya Ferguson yalirudi nyuma na samaki wakaondoka nayo. Miaka hii ziwa limefurika tena na kuvamia fukwe. Ardhi ile haina mazoea ya kutulia, na mwenye kununua nyumba pale ana haki ya kujua amenunua nini.

Msingi ukishatengenezwa, sasa tuupambe.

Msirundike udongo ukutani. Hili tunalisema kwa uchungu, maana sisi wenyewe tuliwahi kuinua tuta la asmini mbele ya nyumba yetu hadi likapita usawa wa sakafu. Mchwa wakapanda kwa starehe, wakala fremu ya mlango, kisha wakavisoma vitabu vyetu vya fiqhi kabla hatujavimaliza. Udongo ubaki chini ya sakafu kwa shibiri moja au zaidi, na uteremke kwenda nje ili maji yakimbie.

Lililo bora zaidi ni lile walilolifanya wazee wetu wa Lamu: baraza. Benchi la mawe lililoambatana na ukuta hulinda mguu wa nyumba dhidi ya mvua, na msingi ukafichika bila tone la maji. Kalokol mawe meusi hayana bei, kazi ni kuyaokota. Na kwa kuwa upande huo unatazama mashariki, kivuli kitakuwapo baada ya adhuhuri, wakati wanawake wa mtaa wanapokaa kusuka vikapu vya mkoma.

Mbele ya baraza panda mshubiri. Mbuzi akiuonja mara moja huuacha. Mswaki nao huota wenyewe katika nchi ile, na faida yake hatuna haja ya kuieleza. Mwarobaini ukae mbali na ukuta, hatua 6 au zaidi, na miche yote izungushiwe miiba mpaka ikomae. Mathenge usiupande hata ukipewa bure. Wafugaji wa Baringo walifikia kuishtaki serikali kwa ajili ya mti huo.

Maji ya ziwa ni ya magadi, yatachoma mimea. Maji matamu nayo si halali ya maua, dada yetu, ilhali binti wa jirani amejitwika dumu kutoka kisimani. Lakini nyumba yenye watu watano wanaosali haikosi maji: wekeni karai chini ya mahali pa kutawadhia, na kila jioni liende kwenye miche.

Kuhusu mnunuzi, aitwe kabla baraza halijajengwa, aoneshwe ufa na ule mstari wa penseli. Huenda akapunguza bei. Huenda pia akakubali gharama ya fundi igawanywe, kwani baraza atalikalia yeye. Tunaomba dada yetu atuandikie tena baada ya mwezi mmoja, atueleze ufa umefika wapi.